Kuku Aliyekosa Mnunuzi

Nikiwa mtoto mdogo pale Nyamuswa, Jumapili yetu ya Kilutheri ilikuwa na ibada mbili: ya ndani, yenye liturujia na mahubiri, na ya nje, yaani mnada wa sadaka. Asiye na fedha alileta mayai, mtama au kuku, na baada ya baraka mzee wa kanisa alivinadi uwanjani. Mimi niliipenda hii ya pili, kwa sababu watu walitaniana na kucheka, jambo ambalo ndani lilikuwa mwiko kabisa.

Ilikuwa miaka ya shida. Sabuni ilikuwa anasa, na kwenye zahanati kulikuwa na mganga na meza, basi. Mdogo wangu Wambura, aliyekuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta, akaugua kifua. Baba alikwenda hadi Bunda kwa baiskeli kutafuta dawa, akarudi mikono mitupu. Basi la Musoma lilikuwa limelala kwa kukosa mafuta.

Ndipo mama alipoamua kumtoa sadaka mtetea wetu mwekundu, wa pekee aliyebaki, ili Wambura aombewe. Bibi, mama mzaa baba, akamkataza.

"Kuku iliyolala na mgonjwa haitolewagi," alisema. "Imeshabeba ugonjwa. Anayeichukua anaondoka nao. Na ikirudi nyumbani, mtoto haponi."

Ni kweli mtetea yule alilala chini ya kitanda cha mama, kwa kuogopa wezi, kama kuku wa kila nyumba pale kijijini. Mama alijibu taratibu, "Mama, mimi nimebatizwa."

Injili ya siku ile ilikuwa habari ya Yairo, ambaye Yesu alimfufua binti yake. Mwinjilisti wetu alihubiri vizuri mpaka kina mama wakafuta machozi. Alisema mwenye imani haogopi. Mama alikuwa benchi la mbele, Wambura mgongoni akihema kwa shida, naye akiitikia kila neno kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza wiki ile niliona uso wake umetulia, nami nikaamini mambo yamekwisha.

Uwanjani mayai yalikwenda haraka. Debe la mtama likagombewa. Kisha mzee wa kanisa akamwinua mtetea wetu.

"Kuku ya mayai hii. Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Mwanamke mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Si ndiyo inalalaga na yule mtoto?"

Mzee akashusha bei, akashusha tena, mpaka ikawa aibu kusikiliza. Watu waliolia kwenye mahubiri walikuwa wakitazama miguu yao. Nikamgeukia mwinjilisti. Nilijua atanunua yeye, nani mwingine? Lakini naye alikuwa na watoto wadogo nyumbani. Alichukua baiskeli yake ukutani akaanza kuipangusa tandiko.

"Labda Jumapili ijayo, Mama Nyangeta," mzee wa kanisa alisema, akimwita mama kwa jina langu, na akamrudishia kuku wake.

Bibi alipotuona tumerudi naye, alikaa chini akajifunika uso kwa kanga. Hakumsimanga mama hata kidogo. Wambura alikufa Jumanne. Mwinjilisti alikuja kumzika, akalia kweli kweli, na mimi nilimchukia hivyo hivyo.

Baadaye serikali ilipofungulia biashara, dawa ya kifua ilijaa maduka ya Bunda, imepangwa karibu na biskuti. Nilikuwa na mama siku alipoiona. Aliishika kidogo, akairudisha, akauliza bei ya chumvi.

Sasa mimi ni mtu mzima, nimesoma, na ninajua kuku habebi nimonia. Ninajua pia kwamba hata kama angenunuliwa, huenda Wambura angekufa tu. Yote haya nilimweleza mama alipokuwa kitandani, katika ugonjwa uliomwondoa. Alinisikiliza kwa upole.

"Mungu aliikataa kuku yangu, mwanangu," alisema. "Nilimpelekea, akairudisha."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwepo, kwamba waliokataa walikuwa majirani zetu, na kwamba ningeweza kuwataja mmoja mmoja. Lakini walikuwa sebuleni saa ile, wamekuja kumwombea.