Jerop, Derrick na Kompyuta Iliyosemekana Bado Ina Nafasi

Nyinyi wasomaji mnanichosha. Kila mara mfumo wa ushirika ukianguka, mnaandika ati "mashine imezeeka, nunueni ingine." Mashine haina wivu, bana. Watu ndio wako nayo.

Jerop, mama wa mtaa wa Tuwan, amelinda mainframe ya ushirika mmoja wa wakulima hapa Kitale tangu amalize chuo. Hiyo ndiyo kompyuta kubwa inayohesabu kila gunia la mahindi likiingia stoo. Cheo cha mkuu wa kompyuta kilipobaki wazi, alijua ni chake. Hata alishaambia watu wa kanisa wamuombee.

Kisha meneja Kimotho akaleta Derrick kutoka tawi la Bungoma. Kazi yake: kutoa kwa mainframe rekodi za vile hulemewa mwaka mzima, ndio bodi ijue kama mashine itabeba wakulima wapya wa Ndalu ama inunuliwe nguvu zaidi. Akifaulu, cheo ni chake.

Derrick aliingia na viatu safi na kicheko. Wasichana wa kaunta, hao ambao hawajawahi kumletea Jerop hata maji, wakaanza kumchemshia chai. Jerop akawaangalia, roho ikimuuma.

"Madam Jerop, wewe ndiye mwenye boma," Derrick akamwambia. "Mbona hizi rekodi zinasema mwezi wa kumi mashine imelala? Ama kuna kitu sioni?"

Kilikuwako. Msimu wa kuvuna, mahindi yakifurika, Jerop huzima ile sehemu mashine inajirekodi, mchana kutwa, ndio ipumue. Usiku anaiwasha. Ni njia yake, hakuna mwingine anaijua. Kwa hivyo mwezi wenye moto zaidi ndio unaonekana baridi.

"Kwani huko Bungoma hamvuni?" akamjibu. "Watu wako shambani. Nani atasumbua kompyuta?"

"Aki, kweli," Derrick akacheka. "Asante, dada."

Bodi ikasoma ripoti: nafasi iko ya kutosha. Hawakununua kitu, wakaongeza wakulima wa Ndalu juu yake. Mwezi wa kumi ukafika, trela zikapanga foleni mpaka barabarani, mainframe ikaganda, mahindi ya watu yakanyeshewa. Kimotho akamrudisha Derrick Bungoma kwa hasira. Jerop akapewa cheo.

Sasa wakulima wanamtusi yeye. Kuomba nguvu zaidi hawezi, kwa sababu bodi itataka rekodi za mchana, halafu itauliza nani alizizima. Na wale wasichana bado wanampigia Derrick simu Bungoma, wanacheka mpaka machozi. Jerop anapita hapo kaunta akijifanya anatafuta ufunguo, asikie kama wamemtaja. Hawamtaji.

Wewe wa hapo kaunta, najua unasoma hii. Jerop hatasema. Ukimaliza hapa, mpigie Derrick umwambie rekodi zilienda wapi, halafu panda juu umwambie Kimotho pia, kabla trela za Ndalu hazijarudi.