Kongosho la Watasema

Itangazwe kwa wananchi wote, wakulima, wafanyakazi na walinzi wa mahindi: katika kijiji kimoja jirani na Tunduma, mjane Loisi Namonje amethibitika kumfuga mnyonyaji. Mnyonyaji huyo ana miguu minne, anakula bila kunenepa, na ushahidi wa makosa yake anauacha kila njia, una rangi ya majivu na unang'aa mafuta.

Jina la mbwa lilikuwa Watasema. Loisi alimpa mwaka ule wa kuhamishiwa vijijini, lori lilipomshusha yeye, vyungu vyake na mtoto wa mbwa kwenye nyumba zilizopangwa kama meno. Kule alikotoka, jirani wa karibu alikuwa mlima. Hapa ukikaanga kitunguu, nyumba ya tatu wanapiga chafya. Kwa hiyo kila alipomwita mbwa wake, majirani walijibiwa kabla hawajafungua mdomo.

Shamba la Loisi lilipakana na pori, na nguruwe pori hawakuwa wamehudhuria semina yoyote ya siasa. Mahindi ya mjane na ya kijiji kwao yalikuwa mamoja. Hakuwa na mwana wa kulala dunguni akiwafukuza. Alikuwa na Watasema tu. Mbwa alipoanza kukonda, Loisi aliona na ghala lake likikonda.

Watasema alikula ugali wote, akalamba sufuria, akarudi kutafuta kinyesi alichokitoa asubuhi. Mbavu zikahesabika. Alikuwa kama duka letu la kijiji: lori linaleta, macho yanaona, rafu hazinenepi. Majirani wakasema amelogwa. Wengine wakasema Loisi ndiye mlogaji, ila hajui kulenga.

Fanueli, bwana mifugo, alipokuja kukagua josho, aliangalia kinyesi kabla ya kumwangalia mbwa. Akamweleza Loisi kwamba tumboni kuna kiungo kinaitwa kongosho, kinachotoa maji ya kusaga chakula, na cha mbwa huyu kimechoka. Chakula kinapita kama abiria asiye na kituo. Dawa ya unga ipo duniani, ila dunia hiyo haifiki Tunduma. Atafute kongosho bichi la ng'ombe, alikatekate, alichanganye na ugali laini uliopoa, aache bakuli likae ili usagaji uanzie humo. Milo iwe midogo midogo, mafuta yapungue, na iwe hivyo maisha yote.

"Maisha yake au yangu?"

"Ya atakayetangulia, Mayo," alisema Fanueli, kwa heshima ile wanayopewa akina mama wa huku.

Amri, mchinjaji wa Tunduma, Mwislamu wa Kondoa, hakutaka kumgusa mbwa wala bakuli lake. Hata hivyo kila alipochinja alikifunga kipande cha kongosho kwenye jani la mgomba na kusema ni cha mgonjwa.

Hapo Loisi akakosea kama ambavyo mama yeyote wa huku angekosea. Kwetu mbwa hapewi nyama mbichi. Akishaonja damu, ataanza na vifaranga amalizie na mbuzi wa jirani. Basi Loisi akalibanika kila kongosho mpaka likaiva, akajisifu moyoni kwamba amemheshimu kila mtu. Watasema akakonda hadi akashindwa kubweka.

Fanueli aliporudi na kusikia harufu ya moshi, hakumgombeza. Alisema tu kwamba moto unaiua ile nguvu. Likishaiva, kongosho ni nyama kama nyama nyingine. Loisi akaelewa. Alikuwa akimuua mbwa wake kwa adabu.

Kesho yake akamwekea mbichi, mlangoni, mchana kweupe. Kujificha ndiko kungemfanya mchawi. Haikupita saa, Osea, balozi wa nyumba kumi, alifika na watu nyuma yake.

"Mayo, hatuna ugomvi na wewe. Ila huyo ameshaonja. Tutamuua leo, kabla hajamla mbuzi wangu."

"Mlete huyo mbuzi. Mfunge karibu na bakuli. Akimgusa, mimi mwenyewe nitawashikia kamba."

"Mfunge, balozi," alisema jirani yao Ketrina. "Au unaogopa mifupa?"

Mbuzi akafungwa. Loisi akakatakata, akachanganya, na sasa ikabidi kungoja bakuli likae. Hakuwa na hakika yoyote. Mbwa mwenye njaa alitetemeka, akamtazama mbuzi, akamtazama mama yake.

Mbuzi wa balozi ndiye aliyechoka kungoja. Akanyoosha shingo, akaingiza mdomo bakulini, akaanza kula ugali wa mgonjwa. Watasema alilia kwa sauti ndogo, hakuinuka.

"Tumempata mnyonyaji," alisema Ketrina.

Osea alimfungua mbuzi wake, akaondoka bila kuaga. Watasema akala kilichobaki.

Msimu wa mavuno mbavu zilikuwa zimefunikwa na nyama, nao nguruwe pori walikuwa wakihangaika kwingine. Osea hakuwa mtu wa kushindwa. Aliitisha mkutano, akahutubia kuhusu kujitegemea, akamtaja mbwa kuwa mfano kwa taifa, kisha akamwomba Mayo Loisi asimame awaeleze wananchi somo alilolipata.

Loisi alisimama, akajifunga kanga.

"Leo Amri anachinja," alisema. "Nikichelewa, Watasema hatakula."