Kokteli ya Mama Mkwe Angani

Mke wangu alijifungua Dar es Salaam, kwa dada yake, akataka mama yake aende akamkande. Safari ya basi humvimbisha mama miguu, kwa hiyo kazi ya kumpeleka kwa ndege ikaniangukia mimi, muuza juisi wa Iringa. Tangu nimuoe binti yake, mama mkwe hakuwahi kupokea hata maji mkononi mwangu. "Hawa watu wa pwani," husema, "hujui wanachanganya nini." Aliyetoka pwani ni babu yangu, mimi nimezaliwa Iringa.

Jioni nilifika kwake Uyole, Mbeya, shati jeupe limenyooshwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu, akaendelea kufunga ndizi zake.

Asubuhi tukaruka kutoka Mbeya. Mhudumu akanipa soda ya tangawizi ya kopo, mama akapewa juisi ya pasheni kikombeni. Hakuigusa. Mara ndege ikaanza kutikisika, mhudumu akaenda kujifunga mkanda, na mama akashikwa na kichefuchefu. "Ee Kyala, Mungu wangu, nishusheni!"

Niliogopa kweli. Akifika mgonjwa, nani atamkanda mke wangu, na lawama atabeba nani? Mfukoni nilikuwa na limao. Nikalitoboa kwa kalamu, nikalikamulia kwenye ile pasheni, nikajazia tangawizi, nikakoroga. Povu likapanda vizuri. Nikampa.

"Kwenu mwenye kinywaji haonji kwanza?"

Aibu gani hiyo! Mimi sinywi ulanzi, ile pombe ya mianzi, lakini Iringa nzima inajua kwamba muuzaji wake huonja mbele ya mgeni ndipo ampe. Nami ningetiaje mdomo kwenye kikombe cha mama mkwe? Hiyo nayo ni kukosa adabu. Nikamimina kidogo kiganjani. Ndege ikatikisika tena, pasheni ya kiganjani ikaishia kifuani kwangu. Nikalamba kiganja hivyohivyo.

Mama akacheka hadi machozi. Sikuwahi kumsikia akicheka.

"Lete, mwanangu." Akanywa, akamaliza. "Limao limezidi."

Dar es Salaam alishuka kwa miguu yake, akampokea mjukuu akiimba. Siku ya kurudi kwangu aliniita mlangoni, akafungua fundo la khanga. "Jumamosi nenda Uyole ukaniangalizie kuku. Ufunguo wa nyumba huu."

Basi lilipofika Ruaha Mbuyuni, wauza vitunguu wakigombea madirisha, ufunguo bado nilikuwa nimeushika mkononi. Nilijifunza kwamba mama hakuwa na chuki nami. Alisubiri tu nionje kwanza. Jumamosi nilikwenda Uyole. Kuku wote walikuwa wazima.