Mahbuba na Mabeki wa Kaka Yake

Mahbuba hakuwahi kutazama mpira akiwa amekaa. Tangu usichana wake Unguja, dada zake walikuwa hawamchukui uwanja wa Mnazi Mmoja mpaka aahidi kutulia. Huahidi, na filimbi ikilia tu, yuko wima, buibui limemshuka mabegani, anamnyooshea refa kidole. Sasa alikuwa mtu mzima, mjane, anakaa Maskati kwa kaka yake Aflah, na uwanja ulikuwa chini ya nyumba yao, nje ya ukuta wa mji: changarawe tupu, bila hata unyasi mmoja, mistari imechorwa kwa chokaa. Kila Ijumaa baada ya alasiri alipanda darini na wifi yake Kheiria. Kheiria hupanda na ukili wake, akasuka. Mahbuba huzunguka dari kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1970. Sultani mpya alikuwa ameingia, nchi imeanza kufunguka, jamaa wakirudi kutoka kila pembe, na vijana wengi walitaka kucheza. Timu ya mtaa haikukosa watu. Ilikosa mpangaji mzuri wa kikosi, ndivyo alivyoona Mahbuba, na aliyekipanga alikuwa kaka yake.

Katikati ya mabeki Aflah alimweka Sleyum, mtu aliyekwishavuka arobaini, goti lake la kulia halikunjiki sawasawa. Akigeuka, hugeuka kama lori lililokwama kichochoroni. Ubavuni mwake alimweka Majid, ambaye mpira wa juu ukija hufumba macho. Na Bakhit, mrefu, mwenye mbio, anayejua mpira utakwenda wapi kabla haujapigwa, alimpeleka winga. Huko alisimama mikono kiunoni mpaka jua likatua, akingoja pasi.

"Kaka," Mahbuba alimwambia siku moja wakila chakula cha mchana, "Sleyum yule unamweka wa nini?"

"Ana uzoefu."

"Uzoefu wa kupitwa! Mpe Bakhit nafasi yake."

Aflah alichambua mwiba wa samaki, akauweka ukingoni mwa sinia. "Nnajua ninachofanya, Mahbuba."

"Mie siioni hiyo kujua."

"Basi kula."

Alikula, lakini chakula hakikushuka. Usingizi wa mchana nao ulimpaa. Alilala akiwapanga na kuwapangua mabeki kichwani, huyu hapa, yule kule, mpaka akainuka kwenda kufua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Ijumaa ile walikuja vijana wa Sib, wamejaa nyuma ya gari, wanaimba. Watu walijipanga pembeni mwa uwanja, safu mbili, tatu. Bao la kwanza lilipita kati ya miguu ya Sleyum. La pili Majid alifumba macho. Mahbuba alikuwa ameshauacha upande mmoja wa dari akaenda wa pili, akarudi, akauma ncha ya mtandio.

"Kaa, wifi," Kheiria alimwambia. "Utaanguka."

"Nikae vipi? Hebu muone! Hebu muone anavyogeuka!"

Sib wakapata kona. Uwanja ukanyamaza, mpigaji akirudi nyuma kuchukua mbio. Na katika kimya kile sauti ya Mahbuba ikatoka yenyewe, kali, ikashuka ukutani mpaka chini:

"Aflah! Mtoe Sleyum!"

Vichwa vyote viligeuka juu. Mpigaji kona alisita, mguu hewani. Kheiria alimvuta mtandio kwa nguvu, wakachutama pamoja nyuma ya ukuta, ukili umetawanyika sakafuni. Chini mtu mmoja alicheka, kisha wengi. Mahbuba hakuliona bao la tatu. Alilisikia.

Aflah aliporudi hakumpigia kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alinawa, akasali, akakaa na kikombe cha kahawa mkononi.

"Umenifedhehesha mimi, si kitu," alisema mwishowe. "Lakini yule! Unajua tulikuja vipi kutoka Unguja mwaka ule wa mapinduzi, kabla wewe hujaja? Homa ilinishika melini, watu wamelaliana juu ya sitaha, jua linachoma. Sleyum alinipa kivuli chake na sehemu yake ya maji. Tuliposhuka hapa alinibeba mgongoni. Aliteleza kwenye ngazi ya bandari, goti likaumia pale pale. Leo nimwambie hanifai?"

Mahbuba alikwenda jikoni, akaufunika mkate ambao tayari ulikuwa umefunikwa.

Isha ilikuwa bado haijaadhiniwa Sleyum alipobisha hodi. Aflah aliruka kumpokea, akianza kuomba radhi tangu mlangoni. Sleyum alimkatiza, akakaa, akalinyoosha lile goti, akapaza sauti kuelekea pazia la ndani.

"Bi Mahbuba yupo?"

"Nipo," alijibu nyuma ya pazia. "Nisamehe, kaka Sleyum. Sikujua."

"Hukujua nini? Kwamba siwezi kukimbia? Mji mzima unajua." Alicheka kidogo, kisha akamgeukia Aflah. "Kila Ijumaa nangoja uniambie nipumzike. Usiku wa kuamkia Jumamosi mke wangu ananikanda mpaka analala na mafuta mkononi. Nikawa nasema, labda Aflah hana mtu mwingine, nisimwangushe."

"Mimi nikidhani utavunjika moyo," Aflah alisema taratibu.

"Nilichovunjika ni mguu, bwana!"

Nyuma ya pazia Mahbuba aliziba mdomo kwa kiganja. Hakujua kama anacheka au analia.

Ijumaa iliyofuata walicheza na timu ya Bustan. Sleyum alisimama pembeni kwa kanzu nyeupe, akiwapangia vijana kwa mikono, na Bakhit alikuwa katikati ya mabeki. Mipira ya juu aliichuma kama embe. Mechi ikaisha sare, bao moja kwa moja, na bao walilofungwa lilipitia kwa Majid.

Aflah alipoingia ndani alikuta dada yake ameshashuka darini, anamngoja ukumbini, amesimama.

"Haya," alimwambia, akivua kofia. "Sema."

"Majid," alisema Mahbuba.

"Majid ni mtoto wa shangazi yake Kheiria."

Mahbuba aligeuka kumtazama wifi yake mlangoni. Kheiria aliendelea kusuka, macho kwenye ukili.

"Mie sijasema kitu," alisema. "Mtoeni."