Mihogo Yangu Kule Mwisho wa Dembo

Bakwe balipotuma habari kwamba watakuja kutoa mali ya kuoa binti yangu wa kwanza, bwana yangu alitafuta pombe na akapiga pasi abacost yake, ile koti ya wakati wa Mobutu isiyo na tai. Mi nilifikiri bukari, ule ugali wetu. Sisi batu ba Kasai hatukubali bukari ya mahindi peke yake. Bila bunga ya mihogo ndani, mukwe anakula, anasema aksanti, anarudi kwake na kuuliza kama ile nyumba iko na mama kweli. Binti yangu angebeba ile neno maisha yake yote.

Mihogo, lazima kwanza uilobeke majini mpaka uchungu utoke, kiisha uianike, kiisha utwange. Kwetu Kolwezi banamuke balilobeka ndani ya dembo, yale matope yenye majani marefu nyuma ya nyumba za mwisho. Na pale mihogo ilikuwa na miguu. Unaacha saki imejaa, unakuta nusu. Mwizi nilimujua: jirani yangu. Bunga yake haikuisha, na shamba lake lilikuwa dogo kama kitanda. Hesabu ile haiombi masomo, na mi masomo niko nayo kidogo.

Basi nikatafuta mahali pa mbali kuliko pote. Asubuhi ya salongo, wakati mutaa muzima uko nalimia serikali barabara kwa lazima, nikabeba saki ya mihogo ndani ya beseni kichwani, nikafuata reli ya Mutshatsha, nikaiacha, nikaingia dembo. Nikapita mahali pa kulobeka, nikapita mitego ya bavuvi, nikapita mahali njia inaisha. Matope yakafika magotini, kiisha kiunoni. Kandambili yangu moja ilibaki kule. Iko kule mpaka leo. Nilipofika mahali hata vyura vilinyamaza kwa kunishangaa, nikasema: hapa. Nikazamisha saki, nikafunga matete pamoja kama alama, nikarudi nyumbani naimba.

Siku ya kuitoa, nikakuta matete ya dembo yote yanafanana, na upepo umefunga mengine mengi kama yangu. Nilitafuta mpaka jua likawa juu ya kichwa. Mihogo ikipitisha siku yake inaoza, bunga inanuka, na siku ya bakwe iko karibu. Nilikuwa nimeificha vizuri sana. Nikakaa juu ya kichuguu, nikaanza kupanga uongo wa kuwaambia.

“Mama, uko natafuta yako?”

Jirani yangu. Amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, na saki yake begani.

“Weye! Uko nafanya nini huku?”

“Niko nalobeka. Kule karibu beko naiba.”

“Nani?”

“Mi nilizani ni weye, mama. Batoto yako beko banene.”

Nikashuka juu ya kichuguu.

“Yangu umeiona?”

“Iko pale, nyuma ya ule muti mudogo. Siku ile uliimba njia nzima, hata samaki balijua.”

“Na haukuiba.”

Akaangalia matope yote yale mpaka kwenye reli.

“Ni mbali sana kubeba,” akasema.

Kiisha akabeba nusu yangu juu ya yake, na tukarudi. Sikumuomba musamaha. Naye hakuniomba.

Siku ya Mungu, Jumapili, bakwe bakakula. Mukwe wa kike akaongeza bukari, akauliza bunga nyeupe hivi nililobeka wapi.

“Mbali,” nikasema.

Sasa, kwetu firigisi ya kuku ni ya baba wa nyumba. Mwanamuke haigusi. Bwana yangu alizungusha kijiko ndani ya supu yake, akainua shingo, akainua bawa, akatafuta kuliko mi nilivyotafuta kule dembo. Akaniangalia. Mi nikaangalia bakwe. Mbele ya bakwe mutu hawezi kuuliza firigisi yake.

Binti yangu akaolewa. Na siku ile, nyuma ya mulango wa jiko, pale nilipomupa jirani yangu sahani yake, nilisikia anatafuna. Firigisi iko ngumu, haitafunwi kimya.