Mahari ya Barabara

Mama alikuwa na kibanda cha chakula Kisugu, mtaa wa Kampala, kando ya barabara ya vumbi, na kibanda hicho ndicho kilichonisomesha. Chai, maharage, chapati. Wateja wake walikuwa waendesha bodaboda na waashi, watu wanaokula pale pikipiki inaposimama. Chuo kikuu nilikosomea uchumi nilifundishwa kwamba barabara nzuri huinua kipato. Niliuliza, kipato cha nani? Mhadhiri akaniambia nisubiri muhula ujao.

Barabara ikatangulia kufika. Ilikuwa ya kampuni ya kigeni iliyoleta mtaji wake, na magari yangelipia kupita. Wapimaji walikuja asubuhi moja na vyombo vyao vya miguu mitatu, wakamaliza kazi, wakaondoka.

"Watu gani hawa," mama alisema, "hawaombi hata maji?"

Kisha kampuni ikamtuma kijana mmoja Mganda, mwenye kofia ngumu, azungumze na sisi wenye vibanda. Upande wetu Luganda ilikuwa haba. Baba, aliyekwisha kufariki, alikuwa askari kutoka kaskazini, na Kiswahili cha kambini kilibaki kuwa lugha ya nyumbani. Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa mkimbizi kutoka Kongo. Kwa hiyo kijana akajitahidi kwa Kiswahili.

"Musiogope. Barabara inapita hapa, lakini kampuni itawapa mahari ingine."

Watu walivunjika mbavu.

"Yee! Kampani inaoa sisi?" fundi alipaza sauti. "Basi walete na mbuzi!"

"Mimi nilishaolewa, ssebo," mama alimwambia kijana, "lakini mahari ya pili sikatai!"

Kijana naye alicheka, bila kujua anachekea nini. Nimekulia Kampala, nimesikia *l* na *r* zikibadilishana viti maisha yangu yote. Nikainua mkono.

"Ssebo, ni mahali au mahari?"

"Ndiyo. Mahari."

"Ipi? Pesa, au sehemu ya kukaa?"

"Wewe umesoma sana. Wacha nimalize na wazee."

"Kaa chini, profesa!" fundi akanitania. "Unataka kuharibu harusi?"

Mama alinivuta shati. Kijana akasema wanaokubali wanyooshe mikono, na mkono wa mama ulikuwa juu kuliko yote, bado una unga.

Tingatinga lilipokuja, lilikuja na lori. Pesa haikuwepo.

"Si niliwaambia?" kijana alisema. "Mahari ingine. Pandeni, niwapeleke."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Alitupeleka bondeni, mahali ambapo mafunjo yalikuwa yamekatwa karibuni na udongo ulibonyea chini ya kisigino. Barabara mpya ilipita juu ya tuta lililozidi kimo cha paa la kibanda, na ukingoni mwake palikuwa na uzio wa waya. Mama aliuliza wateja watateremkia wapi.

"Hapana kuteremka, nnyabo. Hii ni ya magari ya kukimbia."

Tukajenga vibanda upya pale bondeni, na barabara ilipofunguliwa, gazeti lilisifu muda ambao wafanyabiashara wangeokoa. Niliamini hesabu hiyo. Nilichotaka kujua ni kama aliyeiandika alipata kusimama huku chini.

Asubuhi hiyo mama alipika kama alivyozoea Kisugu, sufuria zote. Malori yalipita juu yetu moja baada ya jingine, ardhi ikitetemeka hadi uso wa chai ukakunjamana. Fundi alikula, nikala mimi. Baadaye mvua ikanyesha, ikaacha, na hakuna mwingine aliyekuja.

"Panda kwenye uzio uwaite," mama aliniambia. "Hawajui tuko huku."

Nilipanda tuta kwa mikono na miguu, nikashika waya, nikapiga kelele: "Chai! Chapati moto!" Vioo vya magari vilikuwa vimefungwa. Niliita mpaka koo likakauka.

Nilipogeuka, maji yalikuwa yanatoka ardhini, yamekwisha kufika kwenye mafiga. Mama alikuwa amesogeza kigoda chake nyuma kidogo, na alikuwa akikanda unga mwingine.