Fatiha Waliyoisoma Mkunazini

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili bado zilikuwepo nyumba Mkunazini, mjini Unguja, ambazo mtu akidhulumiwa alitafuta wazee kwanza, polisi baadaye. Sasa wazee wenyewe wamekwisha, na aliyebaki hasikilizwi. Bi Kulthum alikuwa katika wa mwisho. Alisomesha watoto Kurani ukumbini kwake, na neno lake lilitosha kumaliza ugomvi wa mtaa.

Ndiyo maana Mwatima alimkimbilia yeye. Thuwaini, mwenye duka Mlandege, mtoto wa Muhannad nduguye Bi Kulthum, aliyelelewa na Bi Kulthum mwenyewe, alimchukua Shadya, binti wa Mwatima, kwa kisingizio cha kazi ya kuosha vyombo hotelini Kendwa. Huko alimuuza kwa mgeni, kisha mtoto akarudi kwa mama yake. Bi Kulthum aliwakusanya wazee na jamaa zake. Thuwaini alilia, akakiri, akaapa hatorudia. Wakakubaliana kusitiriana, mikono ikainuliwa, Fatiha ikasomwa, jambo likafungwa. Aliyeisomesha ni Bi Kulthum.

Mwaka haukwisha, Thuwaini akampeleka mtoto mwengine. Baba wa huyo hakutafuta wazee.

Polisi walipomtaka Bi Kulthum aeleze alichosikia kwa mdomo wa Thuwaini, Muhannad alikuja na macho mekundu. Alieleza kwamba sheria imeweka kima cha chini cha kifungo, jaji hawezi kushuka hata akitaka. Kijana atatoka mzee.

"Dada, tulisoma Fatiha. Leo unataka kuivunja?"

"Kaivunja mwanao."

Bi Kulthum alikwenda mahakamani, akasema yote. Thuwaini akatiwa hatiani.

Kabla ya hukumu, wakili wa Thuwaini alisema Katiba inampa kila mtu haki ya kupimwa kwa hali yake mwenyewe, na adhabu iliyokatwa kabla mtu hajaonekana si hukumu. Bi Kulthum aliona wakili anasema kweli. Wazee nao walimtazama mtu kwanza. Kisha wakili akamwita, akamuuliza kama kijana aliyemlea hastahili huruma.

"Tulishamwonea huruma," alisema. "Tulikaa watu wazima tukamsamehe. Shadya alikuwa jikoni siku ile. Hatukumwita."

Jaji aliikataa hoja ya wakili, akatoa kifungo kama kilivyoandikwa.

Muhannad hakukanyaga tena nyumbani kwa dada yake mpaka akafa. Bi Kulthum hakumlaumu. Wachache walioendelea kumpelekea ugomvi wao waliulizwa kwanza, kabla ya kukaa, aliyedhulumiwa mwenyewe yuko wapi.